Maji Kifuani mwa Mbwa wa Baba

Siku ya kwanza tulidhani ni uzee. Mbwa wa baba alikuwa na miaka tisa, na kwa mbwa wa shamba, anayelala nje na kula makombo ya ugali na maziwa, hiyo ni miaka mingi. Alizoea kumsindikiza baba hadi kituo cha kuuzia majani chai, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, na kukaa kando ya mizani mpaka kikapu cha baba kipimwe. Asubuhi ile alifika kona ya kwanza ya njia, akasimama, akageuka na kurudi nyumbani polepole. Baba alipiga mluzi mara mbili. Mbwa yule hakuwahi kupewa jina. Mluzi wa sauti mbili ndio alioujua. Hata shingo hakugeuza.

Siku ya tatu niligundua kwamba halali. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ninakofundisha, upande wa Kiptere, nikamkuta amekaa chini ya paa la zizi. Viwiko vya miguu ya mbele alikuwa amevitanua nje, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi ingawa manyunyu yalikuwa baridi. Kifua chake kilikwenda mbio, pumzi fupi fupi, na kila pumzi tumbo nalo lilivutwa kama linasaidia. Macho yalijifumba, kichwa kikainama, kisha akashtuka na kujinyoosha tena. Alitaka kulala na hakuweza.

Nilikuwa nimemwona mama akikaa vile kitandani hospitalini, miaka mitatu kabla, mito mitatu mgongoni. Sikumwambia baba. Lakini nilijua kwamba naye ameona, kwa sababu tangu siku hiyo alikuwa akienda kukamua kwa kuzunguka zizi upande wa pili, kwenye matope, ili asipite mbele ya mbwa.

Alinunua dawa ya minyoo kwenye duka la dawa za mifugo, kisha akanunua ya kikohozi. Hazikusaidia kitu. Jumamosi asubuhi nilimfunua mbwa mdomo, nikaona ufizi umepoteza wekundu wake, umekuwa na rangi ya kijivu kama jivu lililolowa. Nilimpigia simu daktari wa mifugo aliyeko Litein bila kumwuliza baba.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa upande wa ziwa, aliyeishi huku kwetu muda mrefu kiasi cha kujua ng'ombe wa kila boma kuliko watu wake. Alikuja kwa pikipiki, mkoba wa chuma umefungwa nyuma. Hakumlaza mbwa. Alipiga magoti kwenye matope pale pale mbwa alipokaa, akaweka kipimo chake masikioni na kusikiliza juu ya kifua, katikati, kisha chini. Akaenda upande wa pili, akarudia. Halafu akagonga mbavu kwa kidole, juu na chini, jinsi mtu anavyogonga pipa kujua maji yameishia wapi.

"Mzee," akamwita baba, aliyekuwa amesimama mbali, kwenye ukingo wa majani chai. "Kuja usikie."

Baba alikuja hatua chache.

"Huku juu nasikia hewa. Huku chini kimya. Na moyo nausikia mbali, kama mtu anabisha mlango wa jirani. Huyu ana maji kifuani."

"Maji ya kwenye mapafu," baba akasema.

"Hapana, nje ya mapafu. Umewahi kuchinja mbuzi?"

Baba alimtazama kana kwamba ameulizwa kama amewahi kuvaa viatu.

"Basi umeona mapafu yake. Laini, yanajaza kifua chote, yanagusa mbavu. Sasa chukua hicho kifua ukimwagie maji, kati ya mbavu na mapafu. Mbavu haziwezi kutanuka zikaachia nafasi. Mapafu ndiyo yanabanwa. Huyu mbwa mapafu yake ni mazima, lakini hayana mahali pa kufungukia. Akilala, maji yanatambaa yanabana zaidi. Ndiyo maana anakaa."

"Yametoka wapi?"

"Hilo sijui bado. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa usaha, inaweza kuwa uvimbe. Maji ni dalili tu. Lakini kwanza lazima nidunge sindano niyatoe."

"Hapana," baba akasema. "Akidungwa kifua atakufa."

Nililijua jambo hilo, maana nilikuwa nimelisikia tangu utotoni. Ndugu mkubwa wa baba alitolewa maji kifuani, na kesho yake akafa. Kwetu ikawa kama sheria isiyoandikwa: mtu akitobolewa kifua, hapo amefungua mlango wa kaburi. Hakuna aliyejiuliza ndugu yule alikuwa mgonjwa kiasi gani kabla ya sindano.

Daktari hakubishana naye. Alifuta kipimo chake kwa kitambaa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, nisipomdunga atakufa leo. Nikimdunga anaweza kufa pia, sikudanganyi. Lakini atakuwa anapumua."

Baba alirudi kwenye majani chai na kutugeuzia mgongo. Daktari akanitazama mimi. Nikasema, "Mdunge."

Alitaka mbwa abaki ameketi, asishikwe kwa nguvu, kwa sababu mnyama anayekosa pumzi akihangaika anaweza kufia mikononi. Nilimshika kichwa nikimwekea kidevu begani mwangu. Daktari alinyoa sehemu ndogo ya ubavu kwa wembe, akaosha, akadunga ganzi na kungoja. Alikuwa akieleza kila anachofanya, si kwangu bali kwa sauti ya kufika kwenye majani chai. Kwamba nyuma ya kila ubavu unapita mshipa wa damu, kwa hiyo sindano inapita mbele ya ubavu. Kwamba mpira mwembamba una kifungio, kwa sababu hewa ikiingia kifuani inabana mapafu sawasawa na maji. Kwamba unavuta taratibu.

Bomba la sindano lilijaa maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, yenye wekundu kidogo. Akageuza kifungio, akayasukuma kwenye ndoo ya kunyweshea ndama, akavuta tena. Nilipoteza hesabu. Mbwa hakulia. Baada ya muda nilihisi kitu kimebadilika begani mwangu. Zile pumzi fupi zilikuwa zimeanza kurefuka, na ulimi uliokuwa unaning'inia ulirudi mdomoni. Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama karibu nasi, kikapu bado mgongoni, akitazama ndani ya ndoo.

"Yote hayo yametoka ndani yake?" akauliza.

"Ndiyo, na bado upande wa pili."

Tulipomaliza, ndoo ilikuwa na lita moja na nusu hivi. Mbwa alisimama, akatetemeka, akatembea hatua tatu hadi kwenye nyasi kavu chini ya paa. Akazunguka mara moja. Akalala, kwanza kwa tumbo, kidevu juu ya miguu, kisha akajilaza ubavu kabisa, miguu ameinyoosha. Usingizi ulimchukua hapo hapo, tukiwa bado tunamtazama.

"Analala," baba akasema.

Daktari alikuwa akitia maji kidogo kwenye chupa ya kupeleka maabara. Baba alivua kikapu, akakiweka chini, akakaa juu ya jiwe.

"Daktari. Na mtu, ni hivyo hivyo?"

"Mtu?"

"Mtu akiwa na maji namna hii. Akitolewa, analala?"

Daktari aliinua kichwa, akanitazama, kisha akamtazama baba. Nadhani alielewa nusu.

"Mara nyingi, ndiyo. Anapata kupumua. Lakini mimi ni daktari wa wanyama, mzee. Siwezi kusema kitu kuhusu mtu ambaye sikumwona."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikaa juu ya jiwe lile mpaka mvua ya mchana ilipoanza, na majani aliyokuwa amechuma asubuhi yakanyaukia kwenye kikapu.

Lazima nieleze yaliyompata mama, maana bila hayo mwenendo wa baba wiki zile ungeonekana ni wa mtu anayependa mbwa kupita kiasi. Mama aliugua wakati mimi nikifundisha mbali, safari ya siku nzima. Figo zilikuwa zimechoka, kisha moyo, kisha kifua kikajaa maji. Madaktari walitaka kumtoa maji kwa mpira, wakamletea baba karatasi ya kutia sahihi. Alikataa. Kabla ya kukataa alinipigia simu kutoka kwenye korido. Alinieleza, akataja ndugu yake, kisha akasema, "Wewe ndiwe uliyesoma. Unaonaje?"

Nilikuwa nimesimama nje ya darasa, watoto wakipiga kelele ndani. Niliogopa. Niliwaza kwamba nikisema akubali na mama afe, nitakuwa nimemuua. Nikasema, "Kama unavyoona wewe, Baba." Siku nne baadaye nilifika hospitalini. Mama alikuwa amekaa, hawezi kulala, hawezi kumaliza sentensi. Alikufa siku iliyofuata akiwa ameketi vile vile.

Tangu hapo niliomba uhamisho nikarudi nyumbani. Mimi na baba tuliishi pamoja, tukala pamoja, tukaenda kanisani pamoja, na hatukuwahi kuizungumza simu ile.

Basi baba akaanza kumwuguza mbwa. Daktari alikuwa ametuachia vidonge vya kupunguza maji mwilini, akisema ni vya kujaribu, kwa sababu kama maji yanatokana na moyo vitasaidia, na kama yanatoka kwenye uvimbe vitamkojoza bure. Alimkataza mbwa matembezi. Na alimfundisha baba kuhesabu pumzi. Mbwa akiwa amelala usingizi, tazama kifua: kikipanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika nzima. Chini ya thelathini ni vizuri. Zikianza kupanda siku hadi siku, maji yanarudi. Zikifika arobaini, usingoje aanze kukaa, nipigie.

Baba alikuwa na saa ya mkononi ambayo alikuwa haivai isipokuwa Jumapili. Sasa aliivaa kila siku. Alihesabu mchana, mvua ikipiga mabati, ameinama kwenye jiwe lake na mkono ameuweka karibu na mbavu bila kuzigusa. Nilikuwa nikirudi kutoka shule, na kabla ya salamu ananiambia idadi.

"Ishirini na mbili."

"Vizuri, Baba."

"Na amekula yai."

Kwa wiki mbili ilikuwa ishirini na mbili, ishirini na nne. Nilimwona baba akitabasamu mara moja, mbwa alipombwekea muuza mkaa. Kisha daktari akapiga simu. Maabara walikuwa wameona chembe za uvimbe kwenye yale maji. Alikuja mwenyewe kueleza, ingawa angeweza kuyasema kwa simu. Alisema uvimbe umetanda kwenye utando unaofunika mapafu, ndio unaotoa maji, na kwamba mahali ulipo kisu hakiwezi kuufuata.

"Kwa hiyo yatarudi," baba akasema.

"Yatarudi."

"Na wewe utayatoa."

"Nitayatoa, mzee. Lakini ujue tunafanya nini. Nikitoa maji nampa nafasi ya kupumua. Simponyi. Na kila ninapotoa, natoa pia nguvu ya mwili wake, kwa sababu yale si maji ya mto, yana chakula chake ndani. Na kila mara yatarudi haraka kuliko mara iliyopita. Kuna siku nitakuja na wewe mwenyewe utaona kwamba inatosha."

"Nitaonaje?"

"Angalia siku zake nzuri. Zikiwa nyingi kuliko mbaya, tunaendelea."

Yalirudi. Ishirini na nane, thelathini na tatu, thelathini na tisa. Mara ya pili baba hakusimama mbali; alimshika mbwa yeye mwenyewe, akiwa amekaa chini kwenye nyasi, miguu ameitanua na mbwa katikati, akimwambia maneno ya Kikipsigis ambayo nilikuwa nimeyasikia akiambiwa ndama mgonjwa tu. Maji yalikuwa mekundu zaidi. Mbwa alilala baadaye, lakini alichukua muda kabla ya kulala, na kulikuwa na mifupa ya mgongo ambayo hatukuwa tukiiona kabla.

Kutoka mara ya kwanza hadi ya pili zilikuwa zimepita karibu wiki tatu. Kutoka ya pili hadi ya tatu zilipita siku nane. Mara ya tatu daktari alihamisha sindano mara kadhaa, kwa sababu maji yalikuwa yamejitenga kwenye vifuko na hayakutoka yote. Mbwa alipata usingizi wa siku mbili tu. Baba aliendelea kumpa mayai na maziwa yaliyoganda, akimlambisha kwa kidole. Majirani walianza kusema. Mmoja alisimama kwenye ua akauliza kwa upole kama mzee hajui kwamba mbwa ni mbwa. Baba alimwambia anajua.

Siku ya nne baada ya sindano ya tatu nilirudi kutoka shule na baba hakuniambia idadi. Alikuwa kwenye jiwe, saa mkononi. Mbwa alikuwa amekaa, viwiko nje, shingo mbele, kama siku ile ya kwanza.

"Sikuhesabu," akasema. "Hajalala ili nihesabu."

Nikakaa chini karibu naye. Nilijua kwamba safari hii singengoja kuulizwa.

"Baba, nadhani inatosha."

Ng'ombe alikuwa akililia majani yake ya nepia, na hakuna aliyeinuka.

"Mpigie," akasema. "Mwambie asilete ule mpira."

Daktari alifika asubuhi iliyofuata. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya siku nyingi, na majani chai yote yalikuwa yanang'aa bila huruma. Alieleza kwamba sindano ya kwanza ni ya usingizi na ya pili ni ya kusimamisha moyo. Baba alimshika mbwa kama alivyozoea kumshika. Ya kwanza ilipoingia, kichwa cha mbwa kilishuka polepole kwenye paja la baba. Baba aliweka kiganja kwenye mbavu, na safari hii alizigusa. Daktari alipodunga ya pili niliona midomo ya baba ikienda. Alikuwa anahesabu. Alifika sita, au saba, kisha midomo ikatulia na mkono ukabaki pale pale.

Alichimba kaburi yeye mwenyewe kwenye mpaka wa nepia, akakataa nimsaidie. Lilikuwa refu kuliko lilivyohitajika kuwa.

Shule ilifungwa wiki ile, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kuchuma naye. Tulikuwa na safu mbili zilizo sambamba, kila mtu upande wake, mikono ikienda yenyewe. Ndipo akaanza kusema bila kunitazama.

"Mama yako aliniomba nimlaze."

Mikono yangu ilisimama.

"Siku moja kabla hujafika. Alisema amechoka kukaa, nimlaze kidogo tu. Nikatoa ile mito, nikamlaza. Akashindwa kupumua. Alinishika hapa," akagusa mkono wake juu kidogo ya saa, "kwa kucha. Nikamwinua haraka. Hakuniomba tena. Nilidhani amekubali kukaa. Sasa najua alikuwa ananiogopa."

"Hakuwa anakuogopa, Baba."

"Hukuwepo."

Ilikuwa kweli, sikuwepo. Tulichuma kidogo. Kisha nikasema lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka mitatu.

"Ulinipigia simu. Uliniuliza ninaonaje, nikakurudishia swali wewe."

"Nakumbuka."

"Ningesema ukubali, ungekubali?"

Alitupa konzi mbili za majani kikapuni.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuuliza ili nisiwe peke yangu."

Baadaye nilimwuliza mganga mmoja wa hospitali, tunayesali naye kanisa moja, kama mama angepona. Alisema kwa figo zile, hapana, asingepona. Angeishi wiki chache zaidi, labda chache sana. Lakini angelala, akasema, angalau angelala. Sikumpelekea baba jibu hilo. Nilitafuta namna ya kumwambia nusu ya kwanza bila nusu ya pili, na sikuipata.

Baba sasa huenda kituoni peke yake. Mwaka huu mkulima mmoja wa ng'ambo ya bonde alimletea mtoto wa mbwa ndani ya kiroba, akamwambia nyumba haikai bila mbwa. Baba alimshukuru, akampa chai, wakaongea habari za mvua. Mgeni alipoondoka aliondoka na kiroba chake, na kile kijibwa kilikuwa kinalia ndani yake njia nzima mpaka wakapotea kwenye majani chai.